Wanachuo tunataka kujitolea mtaani, mfukoni hamna kitu: tuanzie wapi?

BintiHesabu_Dom:
Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za majukumu.

Mimi ni binti wa mwaka wa pili, nasoma uhasibu katika chuo kimoja hapa Dodoma. Nimepanga chumba Ng'ong'ona. Mtaa huu umenilea: boom (hela ya mkopo wa kujikimu) likichelewa, mama mwenye nyumba hanidai kodi kwa makelele, na mama wa mboga ananiandika tu kwenye daftari lake. Natamani na mimi nifanye kitu kwa ajili yao. Darasani tumepatana wanane wenye nia hiyo.

Wazo lililopo ni kila mtu achange 15,000, tuchapishe fulana, tununue sabuni na sukari, twende kituo cha kulelea watoto Jumamosi moja. Fulana moja ni 9,000. Maana yake katika kila mchango, kinachomfikia mtoto ni 6,000. Nimewaambia wenzangu tusubiri kwanza niulize. Mwanachuo asiye na kipato anaweza kujitolea vipi ikasaidia kweli, na masomo yasiyumbe? Naomba kuwasilisha.

Mto_Wami:
Umefanya vizuri kusita, dada. Mimi nimelelewa kituoni tangu darasa la pili hadi namaliza kidato cha nne, acha nikuambie tulivyokuwa tunaona sisi.

Wageni walikuja kwa wingi Desemba na siku za sikukuu. Tunavalishwa nguo safi, tunapangwa mistari, tunaimba, tunapigwa picha tumeshika miche ya sabuni. Kuna Jumapili yalikuja makundi mawili, tukaimba nyimbo zilezile asubuhi na mchana. Sikatai, sukari ilinyweka na sabuni ilifulia. Ila wadogo walikuwa wanamzoea kaka au dada aliyewabeba siku nzima, halafu hawamwoni tena, na usiku ndiyo kilio.

Mtu tuliyemhitaji ni wa kukaa nasi jioni ya siku ya shule tukifanya kazi za nyumbani. Alikuwepo mmoja, mwanachuo. Alikuja Jumanne, Jumanne, mpaka alipomaliza masomo yake, na alituaga mapema kabla hajaondoka. Hakuwahi kuleta zawadi. Nilifaulu hesabu kwa sababu yake. Kama mnaweza kuja hivyo nendeni, lakini mpitie kwanza kwa afisa ustawi wa jamii, na picha za watoto msipige.

Mama_Maendeleo:
Mdogo wangu, nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii ngazi ya kata kwa miaka mingi. Unasoma uhasibu halafu unauliza utoe nini? Una mali kubwa mkononi.

Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimama 2023, ikarudi 2024. Ili kikundi kipate, lazima kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Hapo kwenye andiko ndipo akina mama wengi wanapokwama. Wanaenda stationery, wanalipia andiko la kunakili. Nimewahi kupokea andiko la kikundi cha kufuga kuku ambalo ukurasa wa tatu unaeleza bei ya cherehani. Ninyi wanane mkikaa na kikundi kimoja, mkawauliza kifaranga wananunua bei gani, chakula kinakwenda mifuko mingapi, wangapi hufa, mnaweza kuwasaidia kuandika andiko ambalo ni lao kweli na wanaweza kulitetea wakihojiwa.

La pili ni vikoba, vile vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne la watoa huduma hizo, na usajili unafanyika halmashauri. Vingi bado mahesabu yao ni shida. Nenda siku ya kikao utazame. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Fedha inalindwa vizuri sana. Shida iko kwenye daftari: hisa, mfuko wa jamii (wa kusaidiana kwenye shida), marejesho na faini vyote vimejazana ukurasa mmoja, wino mmoja, vingine vimefutwa kwa kidole. Siku ya kuvunja kikoba, yaani kugawana fedha, hapo ndipo urafiki wa miaka unapokufa, na mara nyingi hakuna aliyeiba.

Nunueni kaunta buku, mchore safu zenu: tarehe, jina, hisa, mkopo, rejesho, salio. Mfuko wa jamii uwe na kurasa zake. Halafu kalamu mpeni katibu wao aandike mwenyewe, ninyi mkae pembeni mkimwelekeza. Mkiwaandikia ninyi, siku mkihitimu wanabaki pale pale mlipowakuta. Na msiguse fedha wala kushika ufunguo, hata wakiwaomba kwa mapenzi.

Ticha_wa_Kata:
Naongezea upande wa shule. Likizo yenu ndefu huangukia miezi ambayo kidato cha nne wanajiandaa na mtihani wa Novemba, na hisabati ndiyo inawaumiza wengi. Shule za kata hatuna walimu wa kutosha wa somo hilo. Kundi jingine ni kidato cha kwanza. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Januari anakuta kila kitu kwa Kiingereza. Kukokotoa anajua, ila hajaelewa swali linamtaka afanye nini, anaacha karatasi nyeupe. Mtu wa kukaa na watano wasome swali pamoja, taratibu, anaokoa mtoto.

Muone mkuu wa shule na barua ya chuo. Mfundishe darasani shuleni, mchana, muwe wawili wawili. Usimwite mwanafunzi kwenye chumba chako hata kama nia ni njema kiasi gani.

Oposti_Damu:
Mnachoweza kufanya hata kesho bila barua: changieni damu. Umri miaka 18 hadi 65, uzito kilo 50 na kuendelea, uwe na afya nzuri. Wanaume kila baada ya miezi mitatu, wanawake minne. Damu inapimwa Ukimwi, homa ya ini, kaswende. Wachangiaji wengi hupatikana mashuleni, kwa hiyo shule zikifungwa akiba inashuka. Pangeni zamu zenu ziangukie hapo. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hawezi kusubiri ndugu watafutwe.

Kaka_Mkubwa_Iringa:
Nachofahamu mimi: chagueni kitu kimoja. Nimeona wanachuo wanaanza na usafi, yatima, mazingira, elimu, muhula haujaisha kikundi kimekufa. Saa mbili kwa wiki kwa mtu zinatosha, na wiki za mitihani mwaambie watu mapema kwamba hamtakuwepo. Mama wa kikoba akijua hutakuja hatakasirika. Akikungoja bure, hatakuamini tena.

BintiHesabu_Dom:
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Mto_Wami, nimewasomea wenzangu maelezo yako, fulana tumeziacha kwa kauli moja. Mama mwenye nyumba wangu kumbe ni mweka hazina wa kikoba chao, nimemuuliza leo jioni, akaingia ndani akatoka na daftari tatu. Nimeziona. Wanne tutaanza hapo, wengine wanne wataenda kwa mkuu wa shule likizo ikifika.

Mama_Maendeleo, swali: mizunguko ya nyuma ambayo hesabu hazikai sawa, tuipitie upya au tuache?

Mama_Maendeleo:
Msiifukue wenyewe, mtajikuta mahakimu wa watu wazima. Waambieni kwenye kikao kwamba mtaanza na salio ambalo wanachama wote wamelikubali, lisomwe kwa sauti, liandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, kila mmoja asaini au aweke dole gumba. Wakitaka wenyewe ya nyuma yaangaliwe, aitwe afisa maendeleo wa kata. Na kabla ya kikao hicho mpeleke barua kwa mwenyekiti wa mtaa, ajue ninyi ni nani na mnafanya nini pale.