Naomba ushauri: ninunue Toyota 86 sasa au nisubiri GR86 ishuke bei?

Wakuu, habari za leo. Nimekusanya pesa miaka minne, sasa inatosha kuagiza Toyota 86 ya 2014 kutoka Japani, lile gari la michezo la milango miwili lililo chini chini, gia za mkono (manual), cc 1,998. Ila roho imegawanyika. GR86, toleo jipya la 86 lililotoka 2021, ina cc 2,387, na nguvu yake ya kuvuta (torque) inafika kileleni injini ikiwa kwenye mizunguko 3,700 tu kwa dakika. Hii ya zamani mpaka upite 6,000.

Niliendesha 86 ya zamani ya rafiki yangu: ukikanyaga mafuta mshale wa mizunguko ukiwa kati ya 3,500 na 4,500, gari linasita kidogo ndipo liamke. Lakini usukani jamani! Kwenye kona linakwenda pale pale unapoliangalia. Tangu siku ile silali vizuri.

Ya 2014 imeshavuka miaka 10, kwa hiyo ushuru wa uchakavu unauma. GR86 inaukwepa, ila bei yake bado iko juu mno kwangu.

Mnaomiliki hizi gari hapa Dar, matuta mnayavukaje bila kukwangua bampa? Injini ni ya Subaru, je, mafundi wa Subaru wanaimudu? Na mngekuwa mimi, mngesubiri?