Kava ngumu la pikapu na keria juu yake: nimeliwa milioni tatu na nusu kasoro, na muuzaji na fundi hawakunijibu vizuri uzito unakanyaga wapi

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu, nina hasira. Wenye pikapu someni mpaka mwisho, wenye baiskeli mnaweza kucheka.

Kazi yangu ni kufunga pampu za maji za sola vijijini. Nakaa Dodoma, wateja wangu wengi wako Kongwa, Mpwapwa na Kiteto. Gari ni Hilux dabo kebini, ambayo kama mnavyojua bodi lake la nyuma ni fupi, mita moja na nusu hivi. Mle ndani naweka pampu, kontrola, nyaya, kasha la spana na kigodoro cha kulalia saiti. Vyote vinaibika. Ukishuka kunywa chai stendi, ukirudi unakuta turubai limechanwa kwa wembe, na kila mtu pale hajaona kitu. Mara ya tatu nikasema basi, nanunua kava ngumu la alumini, lile la paneli tatu linalojikunja kuelekea kwenye kebini. Na kwa kuwa ngazi, majerikeni ya dizeli na mzingo wa bomba la plastiki havienei vyote ndani, nikataka na keria juu ya hilo kava.

Maneno hayo yote nilimwambia muuzaji, kwa Kiswahili, nikiwa nimesimama mbele yake. Duka liko Dar, jina nabaki nalo. Akanionyesha karatasi iliyokuja na kava: linabeba pauni 400. Akapiga hesabu kwenye simu, kilo 181. "Bosi, mzigo wako haufiki hata mia. Hili unapanda hata wewe mwenyewe." Na akapanda kweli! Akavua viatu, akakaa katikati ya kava la maonyesho kama bwana harusi, kijana wake akampiga picha.

Mimi na elimu yangu yote nikatoa 2,850,000, nikapewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Akaniitia fundi, "huyu ndiye fundi wetu", nikamlipa 600,000 za keria na ufundi. Hizo hazina risiti. Najua. Msianze.

Karatasi ile ilikuwa na maneno mengine mbele ya 400, kwa herufi za saizi ya sisimizi: mzigo uwe UMESAMBAZWA SAWASAWA. Muuzaji hakuyasoma. Au aliyasoma.

Nisikilizeni vizuri hapa. Paneli ya kava kama lile ni mabati mawili membamba ya alumini, katikati kuna povu gumu, ndugu yake lile la maboksi ya samaki. Ni kitu chenye nguvu ajabu kikilaliwa na mzigo sehemu yote kwa pamoja. Wamarekani wanaliacha nje usiku kucha linalaliwa na theluji, asubuhi wanakung'uta wanaenda kazini. Theluji haina miguu. Keria yangu ina miguu minne, kila mguu una kisahani cha chuma cha sentimita 5 kwa 10.

Tupige hesabu ya shule ya msingi. Kava lina eneo la mita za mraba 2.25 hivi. Kilo 181 ukizitandaza humo, kila mita ya mraba inapata kama kilo 80. Mzigo wangu pamoja na keria yenyewe ulikuwa kilo 96, nimeupima kwenye mzani wa mahindi. Gawanya kwa miguu minne, kilo 24 kila mguu. Lakini hizo 24 zimekaa kwenye kisahani kisichojaa hata kiganja. Ukikivuta kisahani hicho mpaka kiwe mita ya mraba nzima, ni kilo 4,800. Mara SITINI ya kile paneli ilichoahidiwa. Na hapo gari limesimama, tunakunywa soda. Ni sawa na mama mwenye kiatu cha kisigino kirefu asimame juu ya boflo.

Sasa liwashe gari, toka Kongwa ingia rafu rodi ya kwenda Kibaya. Jerikeni la chuma la lita 20 lenye dizeli ni kilo 21 hivi kwenye mzani, lakini barabarani halikai kilo 21. Kila korongo linalinyanyua, halafu linashuka na hasira zake. Mara elfu kwa siku.

Safari ya kwanza nilisikia mlio, kti, kti, nikadhani ni ngazi. Nikasimama, nikakaza kamba. Kilomita kumi mbele mlio umegeuka kuwa kishindo. Nikashuka kuangalia: mguu wa mbele kushoto umezama ndani ya paneli. Bati la juu limepasuka kuzunguka kisahani, na tundu la bolti, lililokuwa duara, limekuwa refu kama tundu la kifungo cha shati. Kila upepo ukivuma chembe nyeupe za povu zinaruka kama bisi. Nikabaki nimesimama barabarani, ng'ombe wa watu wanapita, na mimi nimeshika kipande cha alumini chembamba kama kifuniko cha kopo la maziwa. Hiki ndicho nilichokinunua?

Na hilo la kuzama nilikuwa tayari kulimeza, kusema kweli. Kilichonitoa machozi ni mvua.

Makava haya hayazuii maji kwa kuziba tu. Pembeni, kwenye reli za alumini zinazoshika bodi, kuna mfereji. Maji yanayopenya kwenye raba yanaingia mferejini, yanakimbilia kwenye pembe za mbele, yanashuka kwa mipira miwili myembamba mpaka chini ya gari. Fundi wangu alipokosa pa kupitisha bolti za mbele, akatoboa reli yenyewe, akakutana na mfereji, akaujaza silikoni. Pande zote mbili! Kwa hiyo maji yakawa hayana pa kwenda ila ndani. Kontrola ya mteja, mpya, kwenye boksi lake, nikaikuta imelala kwenye maji yenye rangi ya chai, maana vumbi nalo lilishatangulia kuingia. Nimemlipa mteja kontrola nyingine mfukoni mwangu.

Kuna na kituko kingine nacheka mwenyewe nikikumbuka. Kava linajikunja paneli juu ya paneli, sivyo? Ndio uzuri wake. Fundi akafunga keria miguu miwili paneli ya kwanza, miwili paneli ya pili, akaruka bawaba. Kava halikunjiki tena. Paneli ya nyuma tu ndiyo inafunguka, ya spana na tochi, mengine yote mpaka nifungue bolti nane, nishushe keria chini, nikunje, nitoe kitu, nirudishe. Siku moja nimefanya hivyo saa mbili usiku kwa ajili ya soketi ya bomba ya inchi moja. Nilipomuuliza fundi kwa simu, akanijibu, "Bosi ulisema unataka kubeba, hukusema unataka na kufungua."

Sina la kuongeza hapo.

Nikarudi dukani. Yule yule aliyekaa juu ya kava kama bwana harusi sasa ananiambia waranti imekufa kwa sababu kava limetobolewa. Nani kalitoboa? Fundi. Fundi wa nani? "Fundi wa nje, bosi." Yaani aliyekuwa "wetu" siku ya kupokea hela amekuwa wa nje siku ya kubeba lawama. Nikamwonyesha meseji zake mwenyewe, akazisoma polepole, akasema atazungumza na mkuu wake. Wiki ya tano hii. Tiki mbili za bluu na kimya. Fundi naye alinitumia sauti ya dakika mbili, nusu yake anaapa kwa mama yake.

Kilichoniuma zaidi ya hela ni swali nililouliza siku ile ile ya kwanza, mkono uko kwenye keria: uzito huu unakanyaga wapi? Muuzaji akasema kwenye kava. Fundi akasema kwenye kava. Mimi nikatingisha kichwa kama mtu aliyeelewa.

Aliyenifungua macho ni mchomeleaji wa mageti hapa hapa Dodoma, wala si mtaalamu wa magari. Alilizunguka gari mara moja, akagonga paneli kwa ukucha, akauliza, "Kwa nini umelikalisha zigo juu ya dari badala ya ukuta?" Basi. Uzito inatakiwa ushuke kwenye kingo za bodi, na kutoka hapo kwenye sakafu na chasisi. Kava likae chini yake halibebi hata gramu, kazi yake iwe kufunga, kuzuia vumbi na wezi.

Alichonifanyia: nguzo nne za skwea paipu zimekaa juu ya ukingo wa bodi, pembeni ya reli ya kava, na kila nguzo imeteremshiwa fleti baa kwa ndani mpaka sakafuni, kwenye vile vishikizo vya kufungia kamba vilivyotoka kiwandani. Bati la ukingo ni jembamba, kwa hiyo chini ya kila bolti kaweka kipande cha chuma cha kusambaza nguvu. Chuma kinapogusana na alumini kaweka raba katikati, maana metali hizi mbili zikikutana na unyevunyevu alumini inaanza kuliwa, na ninyi wa Tanga na Dar na chumvi yenu ndio mtaisikia mapema. Nguzo kaziinua juu ya kava kiasi kwamba paneli zikijikunja na kubebana bado zinapita chini ya keria. Nafungua kwa ufunguo, nakunja, nachukua soketi yangu, nafunga. Nusu dakika. Kasema 280,000, nimempa 300,000 kwa furaha. Ngazi na mzingo wa bomba viko juu. Majerikeni kaniambia niyashushe ndani ya bodi, yakiegemea kebini, kwa sababu uzito ukiwa juu gari linayumba kwenye kona. Nimeyashusha.

Kuna makava yanayotoka kiwandani na mfereji wa kushikia keria kwenye reli za pembeni, yapo ya kukunja na yapo ya kujiviringisha. Kwa hayo hakuna kutoboa kitu, mguu unaingia kwenye mfereji unakazwa. Nikijua mapema ningeongeza hela nikachukua hilo. Muuzaji alikuwa nalo ukutani, nimeliona kwenye ile picha aliyopigwa.

Nyongeza, saa tatu usiku. Nimesoma majibu yenu. Mnaosema "fundi maiko unamlaumu nini, ungeenda kwa wataalamu": nilienda kwa wataalamu, wana kiyoyozi na mashine ya EFD. Mnaosema niweke jina la duka: siweki hapa, barua ya malalamiko kwa FCC, Tume ya Ushindani, nimeshaiandika, imeambatana na risiti, meseji zao na picha ya bwana harusi akiwa juu ya kava. Aliyeuliza kama silikoni inatoka mferejini: inatoka, ila kwa subira, nimetumia waya mgumu na kisu kidogo siku mbili, na tundu la reli nimeliziba kwa ribiti na raba. Maji yanashuka tena kwenye mipira. Na aliyesema nimenenepesha hesabu, achukue mzani wake apime.

Paneli ya pili nimeifunika kwa bati na ribiti, itasogea hivyo hivyo. Ya kwanza imekufa kabisa. Mwenye gari lililopata ajali na kava lake bado zima, la paneli tatu za alumini, aniambie hapa tuongee bei. Hiyo iliyokufa mama watoto ameiweka uani juu ya matofali manne, tangu juzi anaanikia mlenda. Nimeiangalia leo asubuhi: majani yametandazwa mwanzo mpaka mwisho, sawasawa kabisa, na paneli haijabonyea hata kidogo.