Kuvunja mipira tisa: kadiri ninavyofanya mazoezi ndivyo ninavyozidi kulichukia pigo hili

FimboImekataa

Wakuu, heshima kwenu. Ombi la kwanza: tafadhali asije mtu kuniambia "ongeza nguvu". Hilo nimeshaambiwa na kila aliyewahi kushika chaki, na hata na wasiocheza.

Shida yangu ni kuvunja, lile pigo la kwanza la kutawanya mipira iliyopangwa, kwenye pool ya mipira tisa. Mapigo mengine yanakwenda. Meza ikiwa wazi naweza kuanzia namba moja nikafika mbali bila kutetemeka. Ila ikifika zamu ya kuvunja, nakuwa mtu mwingine kabisa.

Zoezi lenyewe linachosha kabla halijafundisha kitu. Nikitaka kujifunza kukata mpira kwenye kona, naweka mipira miwili, napiga, narudisha, napiga tena. Kuvunja ni sekunde moja ya raha, halafu nazunguka meza nzima kama mwokota kuni, naikusanya yote tisa, napanga almasi, namba moja mbele, namba tisa katikati, nasukuma fremu, nainua taratibu, na mpira mmoja unajitenga. Napanga upya. Muda mwingi wa mazoezi mimi ni mpangaji, mchezaji anapita kusalimia tu.

Hayo ningeyavumilia kama matokeo yangekuwa yanasema kitu. Napiga pigo ambalo mwili mzima unaniambia ni safi, mlio mzuri, mipira inatawanyika, na hakuna hata mmoja unaoingia. Linalofuata nateleza, mpira mweupe unakwenda kombo, na mipira miwili inadumbukia. Sasa hapo nirudie lipi? Lile zuri lisilolipa, au lile bovu lililolipa? Mtu akiniuliza nilibadilisha nini, sina jibu.

Na kuna kuruka. Nikiongeza nguvu kidogo tu, mweupe unagonga namba moja kisha unapaa nje ya meza. Wanaocheza meza ya jirani wameshazoea: nikiinama, wao wanasogeza miguu.

Nyinyi zoezi hili mnalifanyaje bila kukata tamaa? Na mnajuaje kwamba umevunja vizuri, kama mashimo yenyewe hayasemi ukweli?

Kimya_Kimya

Hamia karata, mkuu. Huko ukichanganya hakuna anayeuliza zimetawanyikaje.

MzeeRaba

Nimecheka hapo kwenye miguu ya majirani, lakini hapo hapo ndipo pa kuanzia.

Fimbo ya kuvunjia hailali sambamba na meza. Raba, ule ukingo wa meza, iko njiani, kwa hiyo kitako cha fimbo kinakuwa juu kuliko ncha. Ukipiga, unausukuma mweupe mbele na papo hapo unaukandamiza chini, nao unachupa. Mweupe wa kila anayevunja kwa nguvu huchupa, wa mabingwa pia, ila wao ni kiasi ambacho macho hayakioni. Ukifika kwa namba moja ukiwa bado hewani, unaigonga juu ya kiuno chake, basi unapanda na kuondoka. Kwa hiyo usiilaumu nguvu kwanza, tazama mteremko wa fimbo. Mweupe usiubane kwenye raba ya nyuma. Uweke mbele zaidi, mradi usivuke mstari wa kuvunjia, shusha mkono wa nyuma, na ulenge katikati ya mpira au chini yake kwa unywele.

Halafu achana na kupanga tisa. Kwa sasa, maana yake. Weka namba moja peke yake kwenye nukta, ile alama ya kupangia almasi kwenye kitambaa, na uivunje kana kwamba wenzake wako nyuma yake. Kazi ya kuokota imebaki mipira miwili. Mipira hii ina uzito unaolingana, kanuni inasema kati ya gramu 156 na 170, kwa hiyo mweupe ukifika bila mzunguko wowote na ukaigonga namba moja katikati kabisa, unakufa palepale na namba moja inaondoka na kila kitu. Mweupe ukienda kulia, ujue umeigonga namba moja ubavu wake wa kulia. Ukiifuata mbele, ulipiga juu. Ukirudi, ulipiga chini mno. Tazama haraka lakini, kabla namba moja haijarudi kutoka raba ya mbali ikakuharibia ushahidi.

Hapo hakuna bahati. Hakuna cha mpira kudumbukia ukakudanganya. Mweupe umesimama au haukusimama.

Ukirudisha almasi nzima usishangae mweupe usiposimama vilevile. Sasa unagonga kundi zito kuliko wenyewe, kwa hiyo utarudi nyuma kidogo. Ukirudi ukatulia maeneo ya katikati ya meza, umevunja vizuri, hata kama mashimo yote yamebaki matupu. Anza na nguvu ndogo ambayo mweupe unaitii, kisha uipandishe polepole. Siku mweupe ukianza kukimbia, umevuka kiwango chako cha siku hiyo, rudi chini.

Kama unapenda video, mtafute Mmarekani Shane Van Boening, bingwa wa dunia wa mipira tisa wa 2022. Usitazame mipira inavyolipuka, maana hiyo inalevya. Ziba kwa kiganja sehemu ya kioo yenye almasi, ufuate mweupe peke yake. Utachoka jinsi unavyochosha: unakwenda, unagonga, unarudi, unakaa.

DadaMwamuzi

Namuunga mkono mzee, ila amemsahau mpangaji. Mimi huwa nawapangia watu mipira kwenye mashindano na nimeona wachezaji wazuri wakilaani mikono yao kwa kosa la almasi.

Namba moja inagusa mipira miwili iliyo nyuma yake. Ukiacha upenyo hata wa unene wa karatasi upande mmoja, nguvu inapita upande wa pili na mipira inatawanyika vingine kabisa. Hapo ndipo linapotoka lile pigo lako bovu lililolipa. Ulivunja almasi mbili tofauti ukadhani ni moja.

Kabla ya kuvunja, inama nyuma ya almasi na utazame kwa macho, usiamini vidole. Kagua pia kitambaa. Meza iliyovunjiwa muda mrefu ina vishimo vidogo penye nukta na nyuma yake, na kila mpira unataka kulala kwenye kishimo chake badala ya kumshika mwenzake. Mpangaji anayeigongagonga mipira ili itulie ndiye anayevichimba zaidi, na ukimkataza ananuna. Futa mipira kwa kitambaa kikavu, chaki na mafuta ya mikono vinaifanya ing'ang'aniane. Na kama unaweza kupata kile kiolezo chembamba cha plastiki chenye matundu, kitafute. Unaweka mipira, inajibana yenyewe, unaacha kupigana na fremu. Kwa mtu anayefanya mazoezi peke yake, hicho kina faida kuliko fimbo mpya.

Jambo jingine dogo. Usiyalilie mapigo ambayo hayakuingiza kitu. Kwa kanuni, kama hakuna mpira ulioingia, minne kati ya tisa ikigusa raba umevunja kihalali. Isipofika minne ni faulo, na mwenzako anapewa mpira mkononi, yaani anauweka mweupe popote anapotaka. Na hata baada ya kuvunja kihalali, anayefuata anaruhusiwa kutangaza kwamba anasukuma: anaupeleka mweupe anakotaka bila kulazimika kugusa mpira wa namba ndogo, kisha mwenzake anachagua nani apige. Kwa hiyo mchezo haufi kwa sababu mashimo yamebaki matupu.

Taratibu_Tu

Mnamchosha bure. Mwambieni avunje polepole. Mmarekani Corey Deuel alitwaa US Open ya mipira tisa mwaka 2001 kwa kuvunja kwa upole mpaka watu wakakasirika, na fainali akaimaliza 11-0. Alijua almasi ikibana vizuri mpira wa ubavuni mwa almasi unakwenda wenyewe kwenye kona, nguvu ya nini? Fimbo ikienda taratibu, mweupe hauruki, majirani wanabaki na miguu yao.

MzeeRaba

Taratibu, huo mfano ni wa kweli, lakini malizia hadithi. Siku hizi baadhi ya mashindano yana sheria dhidi ya hilo hilo: mipira mitatu, ukihesabu iliyoingia na iliyovuka mstari wa kuvunjia kurudi upande wa mvunjaji, la sivyo huhesabiwi kuwa umevunja vizuri. Ukijifunza upole peke yake, siku unaingia kwenye sheria hiyo huna kitu mkononi. Na Deuel hakuwa mpole kwa sababu ya kushindwa nguvu. Alisoma almasi, akapiga kiasi kilichotakiwa. Huyu ndugu yetu bado hajui mweupe wake unakwenda wapi.

Taratibu_Tu

Haya mzee, nimekaa.

FimboImekataa

Nimerudi. Zoezi la namba moja peke yake linaudhi vilevile, ila angalau sasa najua kinachoniudhi. Mweupe wangu unakwenda kulia. Si mara nyingine kulia, mara nyingine kushoto. Ni kulia tu. Nikaiegemeza simu nyuma yangu nikajirekodi, na nilichokiona ni kichekesho: kabla ncha haijagusa mpira, kifua changu kimeshaanza kuinuka, kana kwamba nataka kuwahi kuona matokeo. Nikijilazimisha kubaki chini mpaka nisikie mlio, mweupe unasimama. Nguvu nimepunguza, kuruka kumekwisha, na majirani wamerudisha miguu.

Dada, kiolezo nimekiazima kwa mwenzangu. Umesema kweli, nusu ya hasira zangu zilikuwa za fremu. Kupanga sasa ni kama hakuna.

Lakini nimegundua kitu kingine, nacho kinanitia wazimu upya. Taratibu amesema mpira wa ubavuni unakwenda wenyewe kwenye kona, na kwenye video ninazozifuata ni hivyo hivyo, unateleza moja kwa moja kama umetumwa. Wangu haujawahi. Almasi imebana, nimetazama kwa nyuma kama ulivyosema, mweupe unatulia katikati ya meza, na ule mpira unagonga raba ndefu kabla ya shimo. Palepale. Kila mara palepale.

DadaMwamuzi

Palepale kila mara? Basi mikono yako haina neno, hongera. Niambie: kwenye nukta unaweka mpira gani, namba moja au namba tisa?

FimboImekataa

Tisa. Mashindano tunayojiandalia ndivyo yanavyotaka. Kwani kuna tofauti?

DadaMwamuzi

Ipo, na kubwa. Namba moja ikikaa kwenye nukta, mipira miwili ya ubavuni, ile inayopakana na namba tisa kushoto na kulia, njia yake inaelekea karibu kabisa na mashimo ya kona. Ndiyo maana watu walikuwa wanauona kama mpira wa bure. Ukiiweka namba tisa kwenye nukta, almasi nzima inasogea mbele safu mbili, kama sentimita 10 hivi kumwelekea mvunjaji. Mipira ya ubavuni inaondoka kwa pembe ileile, ila sasa inaanzia mbali zaidi na kona, kwa hiyo inaikuta raba kabla ya shimo. Mashindano makubwa yanayoweka tisa kwenye nukta yanafanya hivyo makusudi, ili mpira wa bure usiwepo.

Hizo video zako, tazama vizuri, nina hakika namba moja iko kwenye nukta.

FimboImekataa

Nimetazama. Ni kweli. Zote!

Kwa hiyo nimekuwa nikiusukumia mpira kwenye shimo ambalo hauna njia ya kulifikia, halafu nakwenda kulala nikiulaumu mkono wangu. Hakuna hata mmoja kwenye hizo video anayetamka nukta. Wanaongea kuhusu viatu, kuhusu pumzi, kuhusu fimbo ngumu. Nukta, hakuna.

Sasa nikiweka tisa pale, nitegemee mpira gani?

DadaMwamuzi

Namba moja yenyewe, kwenye shimo la kati. Hilo ndilo wengi wanalolitafuta kwa mpangilio huo. Ila soma kwanza sheria za hayo mashindano kuhusu mahali pa kuwekea mweupe. Mengine yana kisanduku cha katikati na hayakuruhusu kuvunjia karibu na raba za pembeni, na kuna pembe utaikosa kwa sababu hiyo.

MzeeRaba

Namna ya kulitafuta: weka mweupe mahali pamoja, vunja kwa nguvu yako ya kawaida, na usitazame kingine isipokuwa namba moja inagusa raba wapi, mbele ya shimo la kati au nyuma yake. Usihame mpaka jibu lianze kujirudia. Likishajirudia, sogeza mweupe pembeni kidogo na utazame namba moja imehamia upande gani. Nguvu usiiguse. Ukibadilisha nguvu na mahali kwa pamoja utarudi kulekule kwa kutojua ulichofanya.

FimboImekataa

Kidogo ni kiasi gani, mzee? Upana wa mpira?

MzeeRaba

Nusu yake. Na kifua kibaki chini.