Mjadala: Vijana wa Kimarekani walioendesha ambulensi Vita Kuu ya Kwanza, walikwenda kusaidia au kutafuta hadithi?

Wakuu, salaam. Juzi nimebishana na shemeji yangu mpaka chai ikapoa. Yeye ni mwalimu wa fasihi, na kila akimtaja mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway lazima aongeze "shujaa aliyekwenda vitani kuokoa watu". Mimi nikamwambia yule alikwenda kama mtalii, kutafuta hadithi, na aliipata upesi. Nimeileta kwenu.

Vita vilianza 1914, Marekani ikaingia Aprili 1917. Katikati hapo vijana wa vyuo vikuu, wa Harvard wakiwa wengi kuliko wote, walivuka bahari kwenda Ufaransa kubeba majeruhi. American Field Service, shirika lililosimamishwa na A. Piatt Andrew mwaka 1915, lilitumia Ford Model T zilizoundiwa bodi la mbao nyuma: machela tatu, au watu wanne wa kukaa. Kijana alijilipia nauli na sare, akasaini miezi sita.

Hiyo miezi sita ndiyo inayonikera. Askari wa Kifaransa aliyelala kwenye machela hakusaini miezi sita. Akipona anarudishwa handakini. Dereva wake, muda ukiisha, anaweza kupanda meli akalale kwao.

Na huyo Hemingway mwenyewe? Macho yake yalikuwa mabovu kwa jeshi, Msalaba Mwekundu ukamchukua, akafika Italia Juni 1918. Usiku wa tarehe 8 Julai, huko Fossalta di Piave, bomu lilimjeruhi miguu akiwa anawagawia askari chokoleti na sigara. Hata kwenye gari hakuwamo! Kazi yote ni wiki chache. Mwaka 1929 akatoa riwaya "A Farewell to Arms", ambamo dereva wa ambulensi anapitia mkasa wa jeshi la Italia kushindwa na kukimbia kwenye mapigano ya Caporetto, mwishoni mwa 1917. Wakati Caporetto inatokea, mwandishi wetu alikuwa Kansas City, ripota wa gazeti. Kitabu kitamu, sikatai. Lakini ushujaa?

Dereva mstaafu: Mkuu, nimeendesha gari la wagonjwa miaka 14, wilaya yenye barabara za makorongo. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza kwa nini nimeichagua kazi hii. Mtu akiwa nyuma, kila shimo unalisikia kwa sauti yake. Unafika mahali mguu unapunguza mwendo kabla jicho halijaliona shimo lenyewe. Nilikuwa na mama mmoja mjamzito, njia nzima ameng'ang'ania ukosi wa shati langu kupitia kidirisha, na mimi sikuthubutu kumwambia aachie. Hao vijana walifanya hivyo usiku, taa zimezimwa, barabara inapigwa mizinga. Zaidi ya 120 wa shirika hilo walikufa. Kombora halisomi mkataba. Hemingway mtoe, sawa, lakini usiwafagie wote kwa ufagio wake.

Mpenda vitabu: Naunga mkono. Mtazameni mshairi E. E. Cummings. Alijiunga na kikosi kingine cha ambulensi, Norton-Harjes, mwaka 1917. Rafiki yake William Slater Brown aliandika barua ambazo wakaguzi wa Kifaransa hawakuzipenda, wote wawili wakakamatwa Septemba. Cummings aliulizwa kama anawachukia Wajerumani. Angesema ndiyo, yaishe. Akajibu kwamba anawapenda sana Wafaransa. Akawekwa kizuizini La Ferté-Macé mpaka Desemba, baba yake akihangaika kumwandikia hata Rais Wilson. Mtalii gani huyo?

Wa mjini: Mtalii aliyeandika kitabu juu ya kizuizi chake mwenyewe 😀 Na mbona hamsemi kwa nini wengi wao walirudi Paris baada ya vita? Kabla ya vita dola moja ilikuwa faranga 5 na ushee. Julai 1926 ilikaribia 50. Kwa dola chache unakula, unakunywa, unaandika. Msiite yote sanaa.

Mwana wa Kariakoo: Mnabishana juu ya Ufaransa, nami nakaa mtaa uliopata jina kwa vita hiyohiyo. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza; Nairobi wanaita Kariokor. Huku wapagazi hawakupewa Ford. Wengi walikamatwa vijijini kwa nguvu, wakabeba risasi, unga na majeruhi mabegani, kwa miguu, mpaka Msumbiji. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza tu wanakadiriwa kufika 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Desemba 1933 Hemingway akashuka Mombasa, akaenda kuwinda Tanganyika, akaandika kitabu juu ya kuwinda tandala. Ni miaka 15 tu imepita. Waliobeba machela za vita ile walikuwa wamejaa nchi nzima, pengine hata kambini kwake wakimbebea maji.

Mleta mada: Dereva mstaafu, umenishika. Waliokufa nawatoa kwenye hoja yangu. Ila hebu mtazameni mwandishi Malcolm Cowley, naye alikuwa Field Service 1917, wakampa lori la kubeba risasi badala ya ambulensi. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba kazi ile iliwafundisha kuitazama vita kama watazamaji, wamo na hawamo. Huyo si adui yao, ni mwenzao. Na hoja ya Kariakoo sina cha kuijibu, ila shemeji atakuwa nacho.

Mleta mada (tena): Shemeji kasoma michango yote. Anasema Caporetto haibadilishi kitu, riwaya si kiapo cha mahakamani. Nikamwambia basi aache kuisomesha darasani kama ushahidi. Ya Kariakoo ameiruka. Nangoja.