Lebo ya faili ikidanganya, programu iitii au iipuuze?

Kisiki: Wakuu, nahamisha hifadhidata ya zamani kwenda UTF-8 (njia ya kuandika herufi za Unicode kwa baiti). Lebo, yaani maelezo ya jedwali gani la herufi limetumika, inasema ISO 8859-1, lakini ndani zimejaa baiti 93 na 94 (heksa). Kwenye Windows-1252, jedwali la Microsoft linalofanana nalo, hizo ni alama za nukuu zilizopinda. Kwa jedwali la ISO ni alama za udhibiti zisizoonekana. Nifuate lipi?

Baitimoja: Windows-1252, mjadala ufungwe. Vivinjari vyenyewe ukiviambia iso-8859-1 vinasoma windows-1252, na kiwango cha WHATWG (kundi linaloandika viwango vya wavuti) kimeandika hivyo hivyo. Wanaong'ang'ania lebo wamesoma viwango tu, faili hawajawahi kufungua.

Mama Jedwali: Hawajawahi kufungua faili? Nimesafisha takataka hizi wewe bado unatafuta kitufe cha kuwashia kompyuta.

Baitimoja: Shikamoo basi. Na 93 ni nini?

Mama Jedwali: Kivinjari kikikosea, unafunga ukurasa. Hifadhidata ikikosea, kosa linabaki humo na baiti za asili umeshazifuta. Halafu hiyo 1252 yako, 81, 8D, 8F, 90 na 9D hazina herufi. Utaweka nini hapo, U+FFFD, ile alama ya "herufi haikusomeka"? Ukishaiweka hiyo hurudi nyuma tena.

Pitanjia: Afadhali nyie. Wajapani ndio wametuvuruga, baiti 5C kwao ni yeni, kwenye ASCII (jedwali la Kimarekani la herufi za msingi) ni mkwaju wa nyuma (\), unaotenganisha folda kwenye Windows.

Tone la Wino: Wajapani wamekukosea nini? ISO 646, kiwango cha kimataifa cha jedwali kama ASCII, iliruhusu kila nchi ibadilishe nafasi kadhaa. Waingereza waliweka alama ya pauni kwenye 23 na hakuna anayewalaumu.

Pitanjia: Pauni haikuharibu njia za folda zangu.

Tone la Wino: Wala yeni haikuziharibu. Windows inaihifadhi kama U+005C (mkwaju wa nyuma katika Unicode), fonti ndiyo inachora yeni. Tatizo liko kwa anayeibadilisha kuwa U+00A5 (yeni yenyewe) akidhani anarekebisha.

Pitanjia: Kwa hiyo bei na njia ya folda ni baiti ileile, na programu ikisie. Hongera zao.

Tone la Wino: Unaongea kama mtu ambaye herufi zake zote zimo ndani ya ASCII.

Kisiki: Jamani, mimi sina faili ya Kijapani hata moja.

Baitimoja: Kisiki, angalia kama kila 93 inafuatwa na 94 mbele yake. Zikija jozi jozi, hizo ni nukuu. Tunza nakala ya baiti za asili.

Mama Jedwali: Hilo la nakala ndilo nililosema. Na shikamoo ya kejeli siipokei.