Naombeni msaada: "ship" na "sheep" zinanishinda, na Jumatatu nina shughuli

Mtoto wa Mabibo: Wakuu, habari za jioni. Ulimi umegoma. Nikisema "ship" inatoka "sheep", nikisema "live" inatoka "leave". "Full" na "fool" ndiyo mapacha kabisa. Nimejirekodi mpaka mke wangu kahamia sebuleni. Jumatatu hizi sauti lazima zikae sawa. Je, ile ndefu niivute kiasi gani? Matusi sihitaji.

Ngosha Mpole: Usivute kitu, mkuu. I yetu ya Kiswahili iko karibu kabisa na ya "sheep". Tunayoikosa ni ya "ship". Legeza taya, ulimi ushuke na urudi nyuma kidogo, sauti ikae kati ya i na e yetu. Shika kioo: kwenye "sheep" midomo inatanuka, kwenye "ship" inalala tu. Urefu peke yake utakudanganya, maana t ya mwisho huikata irabu. Irabu ndefu ya "beat" yaweza kulingana na ile fupi ya "bid", hata kuwa fupi zaidi.

Mangi Mstaafu: Kwani Mfaransa akiongea Kiingereza chake cha puani huwa anaomba ushauri? Sisi tu ndio watumwa. Irabu zetu 5 zinatosha, ukiona a unasoma a.

Baharia wa Doha: Mimi nilimwambia bosi wangu Muingereza kwamba napenda kuishi hapa. Nikatamka "live" kwa i yetu hii hii, yeye akasikia naondoka. Kesho yake akaniita ofisini, akaniuliza nimepata ofa wapi. Nikanyamaza. Mshahara ukapanda. Usirekebishe kitu, dogo.

Shangazi Makini: Mnajibu tu! Jumatatu kuna nini? Ubalozini au ukweni?

Mtoto wa Mabibo: Ni mambo ya kazi tu, dada.

Shangazi Makini: Kazi gani? Mtu wa mapokezi hatashauriwa sawa na rubani.

Mtoto wa Mabibo: Haya. Nafundisha somo la majaribio, ndiyo usaili wenyewe. Shule ya mchepuo wa Kiingereza, darasa la kwanza, foniksi, yaani kufundisha kusoma kwa sauti za herufi. Mada wamenipa "irabu fupi na irabu ndefu". Kadi nimeshaandaa: "ship" nimeiandikia i fupi, "sheep" nimeiandikia i ndefu.

Ngosha Mpole: Dah! Ungesema mwanzo. Kwenye foniksi irabu "ndefu" ni ile inayotaja jina la herufi yake: a ya "cake", i ya "bike", o ya "home". Kwa hiyo jozi ya i ni "bit" na "bite". "Sheep" ni e ndefu, na fupi yake ni ya "bed". Zamani Waingereza waliitamka i ya "time" kama ii yetu. Kuanzia karne ya 15 irabu zao ndefu zikahama moja baada ya nyingine, tahajia ikabaki nyuma. Hizo kadi zitakuumbua.

Mtoto wa Mabibo: Nimeshazichapa na kuzilaminisha, tena kwa hela ya mkopo. Watoto wa miaka 6 watajuaje? Mwalimu mkuu mwenyewe ni mtu wa hesabu. Mimi nauliza kuvuta tu.

Mangi Mstaafu: Unaona sasa? Walimu wa hivi ndio wanaotuharibia watoto kwa ada za mamilioni.

Ngosha Mpole: Andika nyingine kwa mkono, makaratasi hata ya boksi yanatosha. "Kit" na "kite", "hop" na "hope", "cap" na "cape". Weka e mwishoni, watoto wasikie irabu inavyobadilika. Somo limeisha.

Fundi Saa: Jamani, hii ni chai. Shule zimefungwa, hao wa darasa la kwanza Jumatatu wanatoka wapi? Halafu kwenye ule uzi wa kuku wa mayai ulisema huna mke.

Mtoto wa Mabibo: Ni watoto wa tuisheni! Na mke... tunaishi tu.

Shangazi Makini: Eti tunaishi tu. Mahari umepeleka?

Baharia wa Doha: Hapo sasa ndipo uzi unapoanza. Navuta kiti.

Mtoto wa Mabibo: Wakuu, turudi kwenye irabu.

Ngosha Mpole: Basi tuma sauti hapa, sema "kit" na "kite", tukusahihishe.

Mtoto wa Mabibo: Bando limeisha.

Fundi Saa: La kubishana unalo.