Kuchangia dawa Ujerumani: kikomo kipo, ila bima haikwambii

Habari zenu wote,
Mume wangu ana sukari na presha. Kila tukienda duka la dawa ni euro 5 hapa, euro 10 pale. Mwezi wa tatu alilazwa, ikaja bili ya euro 10 kwa kila siku. Jirani ananiambia kuna sheria inayoweka ukomo. Kweli, au ni maneno ya barazani? Tuna watoto wawili, na mapato yetu ni 40,000 kwa mwaka kabla ya makato.
Mama Wawili, Kassel

Pole kwa kuuguza, dada. Ni kweli kabisa. Kwa walio kwenye bima ya umma, kifungu cha 62 cha SGB V (sheria ya bima ya afya ya umma) kinasema michango ya mwaka ya dawa na matibabu isizidi asilimia 2 ya mapato ghafi ya kaya. Akiwemo mwenye ugonjwa wa kudumu inakuwa asilimia 1, na hiyo ni kwa kaya yote, si yake peke yake. Sharti awe ametibiwa ugonjwa huo walau mara moja kila robo mwaka kwa mwaka mzima, na daktari ajaze fomu kuthibitisha.

Hesabu yenu kwa viwango vya 2025: 40,000, toa 6,741 za mwenzi, toa 9,600 kwa kila mtoto. Zinabaki 14,059. Asilimia 1 ni euro 140 na senti 59. Siku za hospitali nazo zimo humo. Mkishafika hapo mnaomba Befreiung (msamaha wa kuchangia) kwenye bima yenu, na hadi Desemba hamchangii tena. Watoto chini ya miaka 18 hawachangii dawa hata kidogo.

Tunzeni risiti zenye jina. Mkinunua duka lilelile kila mara, watawachapia orodha ya mwaka mzima.
Kaka wa Bremen

Samahani nidandie: mimi natuma pesa kwa wazazi Tanga kila mwezi. Hizo zinatolewa kwenye mapato?
Binti Tanga, Köln

Hapana, mdogo wangu. Wanahesabiwa wanaoishi nawe nyumba moja tu. Linauma, najua, maana kwetu kaya haiishii mlangoni. Meno bandia na vipimo vya hiari unavyojilipia navyo havihesabiki.
Kaka wa Bremen

Asante sana kaka. Na miaka iliyopita je?
Mama Wawili

Inadaiwa, haki hiyo hufa baada ya miaka minne. Chimbueni risiti za zamani. Kwa mwaka ujao mnaweza kulipa kikomo chote kwa mkupuo Januari na kupata kadi ya msamaha mapema. Kwa mgonjwa wa sukari inafaa. Anayeumwa kwa nadra asijaribu, mkilipa zaidi ya mlichotumia hairudishwi.
Kaka wa Bremen